Kupima upolarishaji wa mwale wa myuoni: kuoza, kutawanyika, au hesabu peke yake?

Jaribio linalorusha myuoni (chembe zinazofanana na elektroni ila nzito zaidi) zenye spini, yaani mzunguko wa ndani, iliyoelekezwa kwenye shabaha yenye spini iliyoelekezwa huzaa namba moja ndogo: tofauti ya idadi ya matukio kati ya hali mbili za spini. Kabla namba hiyo haijawa na maana yoyote ya kifizikia, lazima igawanywe kwa upolarishaji wa mwale, yaani P, kiasi ambacho spini za myuoni zimeelekea upande mmoja. Ukikosea P kwa 5%, jibu lote limekosewa kwa 5%, na hata ukikusanya data miaka kumi kosa hilo halipungui. Ndiyo maana kuchagua njia ya kupima P ni uamuzi wa mwanzoni kabisa, wakati bado kuna nafasi ya kuweka sumaku na vitambuzi kwenye njia ya mwale.

Tutatumia mfano halisi: mwale wa M2 wa kichapuzi cha SPS, pale CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva. Mwale huu umehudumia majaribio ya SMC na COMPASS, na ndipo njia mbili kuu zilipowekwa bega kwa bega kwenye mwale uleule. Mwishoni tutagusa miale ya nishati ndogo, kwa kuwa huko mambo ni mengine kabisa.

Kwanza, P inatoka wapi

Protoni hupiga shabaha ya berili, pioni (chembe zisizodumu) hutoka, na baadhi yake huoza ndani ya handaki la mita 600 kuwa myuoni na nyutrino. Nyutrino ina mkono mmoja tu, hivyo μ+ (myuoni yenye chaji chanya) inayozaliwa huwa na spini inayoelekea kinyume cha mwendo wake, ukiitazama ukiwa umepanda kwenye pioni. Ukirudi maabara, mwelekeo huo hubaki au huvurugika kutegemea myuoni ilitupwa mbele au nyuma. Kinachoamua ni uwiano u wa nishati ya myuoni kwa nishati ya pioni. Ukiita r mraba wa uwiano wa tungamo la myuoni kwa la pioni (r = 0.573), basi

P = −[(1 + r) − 2r/u] / (1 − r).

COMPASS ilichagua pioni za takriban 172 GeV (elektronivolti bilioni 172) na myuoni za 160 GeV. Hapo u = 0.93, na fomula inatoa P = −0.80; alama hasi ina maana spini inaelekea kinyume cha mwendo. Sasa angalia wepesi wa kuteleza: u ikibadilika kwa 1% tu, P inahama kwa 0.03. Hesabu hii ndogo inaonyesha kwa nini fomula peke yake haitoshi. Mwale halisi una mtawanyo wa momenta wa asilimia kadhaa kila upande, na una kaoni kidogo (ndugu wazito wa pioni) ambazo kwa uwiano huohuo hutoa myuoni zenye P karibu na −0.99.

Njia ya kwanza: umbo la spektra ya positroni

Myuoni inapoozea njiani, positroni (elektroni yenye chaji chanya) hupenda kutoka upande ambao spini ya μ+ inaelekea. Spini ikielekea nyuma, positroni nyingi hutupwa nyuma, na ukizipima maabara zinakuwa na nishati ndogo. Ukiita y sehemu ya nishati ya myuoni iliyochukuliwa na positroni, idadi ya positroni inafuata

5/3 − 3y² + 4y³/3 − P(1/3 − 3y² + 8y³/3).

Ukichora mistari ya P = +1 na P = −1, inakatana kwenye y = 0.42. Hapo spektra haijui chochote kuhusu P. Habari karibu yote imekaa juu, y ikiwa kati ya 0.6 na 0.9: kwenye y = 0.9 mstari wa P = +1 unazidi wa P = −1 mara sita na zaidi. Kumbuka hili unapopanga sumaku. Kitambuzi kinachopokea vizuri positroni za y = 0.4 lakini kinazikata za y = 0.85 ni hasara tupu.

Vifaa vyenyewe si vya ajabu. Unahitaji kipande cha njia kilicho wazi cha mita kama 30, kikiwa na bomba la ombwe. Mwanzoni mwake huwekwa kitambuzi cha mmiminiko kinachokataa elektroni na positroni zilizokuja na mwale. Halafu ifuate sumaku yenye chemba za waya mbele na nyuma yake ili kupima momenta ya myuoni na ya positroni, na mwisho kalorimita (kipimia nishati) ya vioo vyenye risasi ya kuthibitisha kwamba ulichopima ni positroni kweli, wala si myuoni iliyopoteza nishati.

Takwimu kwa njia hii ni za bure, karibu. Myuoni ya 190 GeV husafiri wastani wa kilomita 1,180 kabla ya kuoza, hivyo katika mita 30 ni myuoni 25 tu katika kila milioni ndizo huoza. Lakini mwale wa SMC ulikuwa na myuoni milioni 40 kwa kila mpigo (fungu la myuoni linalotolewa kwa mara moja), mpigo mmoja kila sekunde 14.4. Hiyo ni positroni elfu moja kwa mpigo. Ili kushusha kosa la takwimu la P hadi 0.01 ukitumia y kati ya 0.2 na 0.9, zinatosha positroni 130,000 hivi. Kwenye karatasi, saa moja inatosha. Hata ukipoteza tisa kwa kila kumi kwa sababu ya vichujio (masharti ya kuchagua matukio) na upofu wa vitambuzi, siku moja haiishi.

Tatizo halipo kwenye takwimu. Lipo kwenye neno "umbo". Unapima mteremko wa spektra, na kila kitu kinachopinda mteremko huo kinajifanya P. Chukua kosa la mizani ya nishati. Ukisoma nishati ya positroni kuwa kubwa kwa 1% kuliko ilivyo, huku ya myuoni ukiisoma sawasawa, P inayotoka kwenye ulinganishaji inahama kwa takriban 0.06 kuelekea sifuri, kwa eneo hilohilo la y. Yaani ukitaka kosa la mizani lisizidi 0.006, ramani ya uga wa sumaku na mpangilio wa chemba lazima viaminike kwa sehemu moja katika elfu. Habari njema ni kwamba myuoni na positroni zikipimwa na sumaku ileile, sehemu ya kosa la uga inajifuta zenyewe, kwa sababu y ni uwiano. Kosa la kupanga chemba halijifuti.

La pili ni positroni kupoteza nishati kwa kutoa fotoni. Madirisha ya bomba, hewa iliyobaki, waya za chemba: kila kitu kilicho kabla ya sumaku kinavuta spektra chini, na kuifanya P ionekane hasi zaidi kuliko ilivyo. Hili linarekebishwa kwa uigaji wa kompyuta, lakini uigaji ni mzuri tu kadiri orodha yako ya vitu vilivyomo njiani ilivyo kamili. Andika unene wa kila dirisha wakati wa kujenga. Ukisubiri hadi uchambuzi, nusu ya vipimo hivyo havipatikani tena. Marekebisho ya mnururisho wa kuoza kwenyewe ni tofauti na haya, nayo hukokotolewa kwa nadharia.

La tatu, na ndilo linalohitaji watu wavumilivu, ni upokeaji. Uwezekano wa kuiona positroni hubadilika na y, maana positroni laini hupindwa zaidi na kutoka nje ya chemba. Kosa la upokeaji lenye mteremko hufanana mno na P. Tiba yake ni kubadilisha uga wa sumaku na kupima tena: P ya kweli haibadiliki, upokeaji unabadilika. Kipimo kisichorudiwa kwa uga wa pili hatukiamini.

Njia ya pili: kutawanyika kwa elektroni zilizoelekezwa

Hapa myuoni hugonga elektroni ndani ya bati jembamba la metali ya sumaku. Uwezekano wa mgongano wa elastiki hutegemea kama spini za myuoni na elektroni zinaelekeana au zinapingana. Unageuza usumaku wa bati, unahesabu tena, na unachukua tofauti. Ukiita y sehemu ya nishati ya myuoni iliyochukuliwa na elektroni, asimetria ya msingi (tofauti hiyo ikigawanywa kwa jumla) inaanzia sifuri kwa y ndogo na kufika 1 kwenye ukomo wa juu wa y, ambao kwa 190 GeV ni 0.946. Katikati, y = 0.5, ni 0.60, na kwenye 0.8 ni 0.93. Hesabu hii ni ya elektrodinamiki ya kwanta na haina mjadala.

Mjadala uko kwenye elektroni. Bati linalofaa ni Supermendur, aloi ya chuma na kobalti nusu kwa nusu na vanadi 2%. Likishiba usumaku hufikia kama tesla 2.3. Tufuatilie hesabu mpaka mwisho. Tesla 2.3 ni sawa na ampea milioni 1.83 kwa mita. Aloi hiyo ina elektroni 2.27 × 10³⁰ katika mita moja ya ujazo. Ukigawanya usumaku kwa idadi ya elektroni mara magnetoni ya Bohr (kipimo cha usumaku wa elektroni moja) unapata 0.087. Lakini si usumaku wote unatokana na spini: takriban 4% unatokana na mzunguko wa elektroni kwenye obiti, na hiyo huondolewa kwa kutumia kipimo cha uwiano wa magnetomekanika, g′, ambao ni karibu 1.92. Inabaki 0.083. Halafu bati haliwezi kusumakiwa kirahisi kwa kusimama wima mbele ya mwale, hivyo hulazwa kwa pembe. Likilazwa digrii 25, kinachofanya kazi ni 0.083 mara kosini ya 25, yaani 0.075.

Asilimia saba na nusu. Elektroni nyingine zote zimo humo zikiizimua ishara yako tu. Zidisha 0.075 kwa P ya 0.8 na asimetria ya wastani ya 0.69 (y kati ya 0.4 na 0.9): tofauti utakayoiona kwenye hesabu ghafi ni 4%. Ili kufikia kosa la takwimu la 0.01 unahitaji matukio milioni 3.7, takriban mara 28 ya njia ya kuoza. Tena yanakuja polepole: kwa njia ya milimita 6 ndani ya bati na myuoni milioni 40, ni matukio 57 kwa mpigo. Hiyo ni siku 11 za mwale usiokatika, kabla ya kukata chochote kwa vichujio. Mwale halisi hukatika, hivyo panga mwezi.

Kinachokulipa uvumilivu huo ni kugeuza bati. Upokeaji, mizani ya nishati na ufanisi wa chemba vinafanana katika hali zote mbili za usumaku, hivyo vinafutana. Huna haja ya kujua umbo la kitu chochote. Unachohitaji ni uthabiti wa muda mfupi, na huo unaupata kwa kugeuza mara kwa mara, kila baada ya mipigo michache, badala ya mara moja kwa siku. Mpaka wa kuheshimu ni huu: asimetria bandia ya 0.001 inahamisha P kwa 0.02. Vyanzo vyake vya kawaida ni viwili. Kwanza, uga wa bati lenyewe huzipinda kidogo chembe kuelekea upande mmoja, kisha mwingine ukigeuza. Dawa yake ni kuwa na bati lenye mwinamo wa pili, upande wa pili, na kuchukua wastani. Pili, mwale huyumba kwa mpangilio unaolingana na ratiba ya kugeuza. Geuza kwa mfuatano wa + − − +, uyumbaji wa taratibu utajifuta.

Uchafu wa data ni jozi za elektroni na positroni zinazozaliwa kutokana na fotoni ndani ya bati. Zikiwa 10% ya sampuli yako, zinapunguza asimetria kwa 10%, na P nayo. Mwale wa μ+ una fadhila hapa: elektroni iliyopigwa ina chaji hasi, myuoni ina chanya, sumaku inazitenganisha pande mbili. Kisha hesabu matukio yanayofanana kabisa ila yana positroni mahali pa elektroni. Hayo ni kipimo cha moja kwa moja cha uchafu, bila uigaji wowote. Kichujio kingine chenye nguvu ni jumla ya momenta: myuoni na elektroni zikijumlishwa lazima zirudishe momenta ya mwale. Pembe ni finyu sana, elektroni ya y = 0.5 hutoka kwa miliradiani 2.2 tu, kwa hiyo chemba ziwe mbali na bati na zipangwe kwa uangalifu.

Usumaku wa bati upimwe ukiwa mahali pake, kwa koili iliyozungushwa juu yake na kusoma badiliko la mtiririko wa sumaku kila unapogeuza. Usitegemee namba ya karatasi ya muuzaji. Kingo za bati hazishibi kama katikati, na mwale wa myuoni ni mpana.

Namba zilizotoka

SMC ilitumia njia ya kutawanyika na kupata −0.797 kwa 190 GeV, kosa la takwimu likiwa 0.011 na la mfumo 0.012. Kwa 100 GeV ilikuwa −0.80, na makosa ya 0.03 na 0.02. Njia ya kuoza ilikubaliana nayo. Hilo la kukubaliana ndilo linalotugusa zaidi kuliko ukubwa wa makosa. Njia hizi mbili hazichangii udhaifu hata mmoja: moja inakufa kwa mizani ya nishati na upokeaji, nyingine inakufa kwa upolarishaji wa elektroni na asimetria bandia. Zikikutana kwenye −0.80, hakuna kosa moja lililoweza kuzipeleka zote huko.

Na kama hupimi kabisa?

COMPASS haikujenga polarimita (kifaa cha kupima P) yake. Ilichukua uigaji wa mwale, ukiwa umeshathibitishwa na vipimo vya SMC kwenye mwale uleule, na kutumia 0.80 ikiwa na kosa la 5% ya thamani hiyo. Ni uamuzi wa busara pale ambapo makosa mengine, hasa ya upolarishaji wa shabaha na ya uzimuaji (sehemu ya shabaha isiyo na spini iliyoelekezwa), yanafikia ukubwa huohuo au kuuzidi. Lakini uhalali wake ulitokana na vipimo vilivyotangulia. Mwale mpya, wenye kolimita (vizuizi vinavyochuja mwale) mpya ambazo hakuna aliyewahi kuzipima, hauna haki ya kurithi 5% hiyo.

Ukifuata njia hii, usisahau spini kugeuka ndani ya sumaku za kupinda. Kwa 160 GeV spini huzidi kugeuka kuliko momenta kwa mara 1.77 ya pembe ya mpindo. Mpindo wa miliradiani 30 unaitanguliza spini kwa miliradiani 53. Kwa P ya kando ya mwendo hasara ni chini ya 0.2%, ndogo, ila sehemu ya pembeni inayozaliwa ni 5%, na jaribio linalohusika na spini ya pembeni litaiona.

Miale ya nishati ndogo

Kwa myuoni za uso wa shabaha, zinazotoka kwenye pioni zilizosimama (momenta 29.8 MeV/c, nishati 4.1 MeV), sahau yote ya juu. Simamisha μ+ kwenye bati safi la alumini au fedha, zungushia vitambuzi mbele na nyuma, weka uga wa kukingama na mwale, na tazama hesabu zikipanda na kushuka spini inapozunguka. Myuoni huzunguka mara 135.5 milioni kwa sekunde kwa kila tesla. Uga wa militesla 10 unatoa mzunguko mmoja kila maikrosekunde 0.74, ukilinganisha na maisha ya maikrosekunde 2.2. Ukimo wa mawimbi hayo ndio kipimo cha P, na kuzunguka kwenyewe kunafuta tofauti ya ufanisi kati ya kitambuzi cha mbele na cha nyuma.

Ukijumlisha nishati zote za positroni, ukimo wa juu kabisa ni theluthi moja ya P. Vitambuzi vipana huushusha hadi karibu 0.25. Kosa linalojirudia ni kuchagua kitu kibaya cha kusimamishia: kwenye kwarizi na vihami vingi myuoni hunyakua elektroni na kuwa myuoniamu, na nusu ya upolarishaji hupotea kabla hujasoma chochote. Jaribio la TWIST, pale maabara ya TRIUMF nchini Kanada, lilitumia alumini na fedha na kufikia usahihi wa sehemu chache katika elfu. Jaribio la MEG, pale maabara ya PSI nchini Uswisi, lilipima karibu −0.86 kwenye shabaha yake. Kila myuoni huzaliwa ikiwa na −1, kilichopungua kilipotea ndani ya shabaha ilikozaliwa, kwenye safari na kwenye kusimama.

Tungechagua hivi

Kama mwale ni wa makumi au mamia ya GeV na unahitaji P kwa 5%, weka polarimita ya kuoza. Ni rahisi, haiingizi metali kwenye mwale, na inatoa jibu kila siku, kwa hiyo inakuonyesha mara moja mtu akibadilisha kolimita. Ukihitaji 2% au chini yake, bati la kutawanyika ndilo la kuwekeza, kwa sababu makosa yake yanapungua kwa kugeuza na kusubiri, wakati ya kuoza yanakwama kwenye mizani ya nishati. Nafasi ikiruhusu zote mbili, tumia sumaku moja na kalorimita moja kwa kupokezana. Bati huingizwa na kutolewa kwa mkono wa mashine, na jingine lote linabaki mahali pake.

Kwa mwale wa μ− (myuoni zenye chaji hasi), ongeza gharama. Elektroni iliyopigwa inakuwa na chaji sawa na myuoni, sumaku haizitenganishi tena pande mbili, na hila ya kuhesabu positroni kama kipimo cha uchafu inabaki nusu tu. Utahitaji kizuizi kinene cha chuma nyuma ya kalorimita ili kuitambua myuoni kwa kupenya kwake. Njia ya kusimamisha ndiyo huumia zaidi: μ− hunaswa na atomu, na hata kwenye viini visivyo na spini hubakiwa na sehemu moja kwa sita hivi ya upolarishaji wake. Hapo muda wa kupima huongezeka kwa mraba wa hasara, mara 36, na ratiba ya mwale iombwe hivyo tangu mwanzo.